Sura ya Kujazia Kurasa

Kamati ya Kupima Vitabu ya kanisa la Utemini, Singida, ilizaliwa kwa sababu ya makoti. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, milango ya biashara imefunguliwa yote kwa mpigo. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa redio na sabuni za kunukia, mitumba ikamwagwa sokoni kwa marobota, na nyuma ya mitumba vikaja vitabu. Zamani mlokole wa Singida alikuwa na Biblia, kitabu cha nyimbo, na akibahatika kalenda ya misheni. Sasa kila aliyeota ndoto na akamfahamu mtu mwenye mtambo wa chapa alikuwa mwandishi.

Mwezi wa saba kikaingia kijitabu kisicho na jina la mtunzi, kikisema kwamba kila koti la mtumba lina pepo la Mzungu aliyefia ndani yake. Wanakwaya wakavua makoti yao, wakayachoma nyuma ya kanisa huku wakiimba. Upepo wa Singida wa mwezi wa saba hauna mchezo. Jumapili iliyofuata sauti ya kwanza nzima ilikuwa kitandani, na besi waliimba kwa kukohoa.

Mchungaji Manase, kijana mpole aliyependa watu wote wapatane hata pale wasipokuwa wamegombana, akaona sasa imetosha. Akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna kitabu kitakachouzwa mlangoni pa kanisa kabla hakijapimwa. Wapimaji watakuwa watatu: yeye mwenyewe, Mzee Alute na Mwalimu Cecilia.

Mzee Alute alikuwa mzee wa kanisa tangu enzi za misheni, na kila kitabu alikikubali. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu aliyejaza kurasa zote zile hawezi kuwa amekosea zote. Mwalimu Cecilia alikuwa kinyume chake. Alikuwa mjane, mstaafu wa chuo cha Biblia, na miwani yake ilishikiliwa na uzi mweusi. Alisoma akiwa na penseli mkononi, na pembeni mwa ukurasa aliandika neno moja tu: "Wapi?" Maana yake, hili umelitoa wapi katika Maandiko? Kitabu cha makoti kilikuwa na "Wapi?" nyingi kuliko aya. Wanafunzi wake wa zamani, wengine sasa ni wachungaji wenye vitambi, walikuwa bado wakiliota neno hilo.

Miezi michache kamati ilifanya kazi kwa amani. Halafu Bonifasi akaandika kitabu.

Bonifasi alikuwa mtu wa kwanza Utemini kununua mashine yake mwenyewe ya kukamulia alizeti. Alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kuhutubia hata alipokuwa anaomba chumvi mezani. Mashine ilikuwa inaendeshwa hasa na mke wake Loyce, ambaye mikono yake ilimeremeta mafuta toka Jumatatu hadi Jumamosi, wakati Bonifasi akifikiri. Bonifasi alikuwa amekuta wahubiri wa mijini wakizungumzia mafuta ya upako, na alipofikiri sana, akaona Mungu amemweka mahali pazuri.

Kitabu kiliitwa *Mafuta ya Mbingu Yako Singida*. Alikipeleka kwa wapimaji nakala moja kila mtu, na juu ya kila nakala akaweka dumu la mafuta.

"Hii ni rushwa," alisema Mwalimu Cecilia kamati ilipokutana ofisini kwa mchungaji. Dumu lake alikuwa amelibeba kulirudisha.

"Ni zawadi, Mwalimu," alisema Mchungaji Manase. "Tusimvunje moyo ndugu yetu." Akatazama juu kidogo. Mabati ya ofisi ile, pamoja na ya kanisa zima, alikuwa ameyatoa Bonifasi.

"Mzee Alute, shikamoo. Wewe dumu lako liko wapi?"

"Marahaba, mwanangu," alisema Mzee Alute. "Tumeshakaangia. Mafuta mazuri sana. Hayana povu."

"Na kitabu umekisoma?"

"Nimeanza kuonja."

Mwalimu Cecilia yeye alikuwa amekisoma chote, na sababu ya kukimaliza kwa haraka ilikuwa ukurasa wa kwanza. Hapo, kwa herufi nene, paliandikwa: "Dibaji, na Mwalimu Cecilia." Chini yake alikuta maneno matamu. "Nimekisoma kitabu hiki kwa machozi," ilisema dibaji. "Katika miaka yangu yote ya kufundisha sijaona ufunuo kama huu. Kila nyumba ya Kikristo inunue, pia inunue mafuta."

"Mimi hii sijaiandika," alisema, akiweka kidole juu ya ukurasa. "Na vitabu vimeshachapwa. Nyuma kabisa ameweka: Kimepimwa na Kuthibitishwa. Sisi hapa tunapima kitu ambacho tumeshakithibitisha."

Mchungaji Manase akasoma, akapangusa paji la uso. "Labda aliona kwa imani," alisema.

Wakamwita Bonifasi aje Jumamosi mchana.

Alikuja amevaa suti ya kaki, tai nyekundu, na Biblia kubwa kwapani. Loyce alimfuata, akakaa kwenye benchi karibu na mlango, kitenge chake kikinukia mashudu. Bonifasi akamwamkia Mzee Alute, akamwamkia Mwalimu Cecilia kwa heshima zote, akampa mkono mchungaji, halafu akabaki amesimama kama aliyealikwa kuhubiri.

"Kaa, ndugu," alisema Mwalimu Cecilia. "Tuanze na dibaji. Nililia lini?"

Bonifasi hakutahayari hata kidogo. "Mwalimu, nilijua ukisoma utalia. Nikaona nikuokolee muda."

Mzee Alute akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka, akakohoa.

"Twende ndani," alisema Mwalimu Cecilia. "Sura ya kwanza unasema mafuta waliyopakwa wafalme wa Israeli yalikuwa ya alizeti. Wapi?"

Hapo ndipo Bonifasi alipokuwa akipangojea. Akanyanyua kidole. "Mwalimu, tazama neno lenyewe. Zeituni. Ali-zeti. Zeti! Ndani ya alizeti mna zeituni. Ni tunda lile lile, limesafiri tu likabadilisha jina, kama watu wanavyobadilisha wakihamia mjini. Halafu uliza, alizeti hufanya nini shambani? Hugeukia jua. Na nabii amesema nini? Amelitaja jua la haki! Ni mmea gani mwingine unaoligeukia jua? Mtama? Uwele?"

"Hilo ni kweli," alisema Mzee Alute, amefumbua macho yote mawili. "Mtama hausogei. Mimi nimelima."

"Mzee wangu," alisema Mwalimu Cecilia kwa upole, "hata kinyonga hugeukia jua."

Mzee Alute akalifikiria jambo hilo kwa uzito.

Mwalimu akafungua sura ya tano. Sura ya tano ilikuwa na vipimo. Kijiko kimoja, kupakwa kwenye paji la uso kabla ya mtihani. Kikombe, kwa mama asiyepata mtoto. Chupa, kwa kesi ya mpaka wa shamba. Debe zima lilikuwa kwa yule anayemwomba Mungu basi la abiria.

"Ndugu Bonifasi, mtu akiwa na imani yote lakini hana mafuta, inakuwaje?"

"Tunayo chupa ndogo, Mwalimu. Nimemfikiria maskini."

"Sikuulizi habari za chupa." Mwalimu akavua miwani, na waliomjua waliona hali imekuwa mbaya. "Nauliza hivi. Yesu alipokufa msalabani alisema imekwisha. Alibakiza nini ambacho chupa yako inakuja kukikamilisha?"

Nje kuku wa mchungaji walisikika wakiparua. Bonifasi akafungua Biblia yake kubwa, akaifunga. Akamtazama mchungaji. Mchungaji akayatazama mabati. Bonifasi akamgeukia Mzee Alute.

"Hapo," alisema Mzee Alute, "hapo amekubana. Mafuta ni mazuri, lakini hapo amekubana."

"Kitabu hiki kina neno na kina alizeti," alisema Mwalimu Cecilia. "Vimechanganywa hadi anayesoma hajui anakula kipi. Kuombea mgonjwa kwa mafuta kupo katika Maandiko, sikatai. Ila wewe umegeuza dawa ya imani kuwa tangazo la mashine. Mimi siwezi kukipitisha, na dibaji yangu naiondoa, ingawa naona niliandika vizuri."

Bonifasi akasimama. Shingo ilikuwa imemvimba juu ya tai. "Haya. Mimi sikusoma chuo. Nilidhani kanisa hili ni la watu wote. Mashine yangu ndiyo iliyo..." Akaishia hapo, maana Loyce alikuwa amemvuta koti kwa nyuma. Kidole chake kikaacha alama ya mafuta kwenye kaki.

"Sijamaliza," alisema Mwalimu. "Kaa. Sura ya saba, nani alikuandikia?"

"Ya saba?" Bonifasi alionekana kama mtu aliyekamatwa na kosa asilolikumbuka. "Ah, ile. Ile iacheni. Ile ni ya kujazia. Nilipofika Dodoma mwenye mtambo akaniambia karatasi inakunjwa kwa namna fulani, na mimi maneno yangu yameisha kabla ya karatasi. Kurasa zitabaki nyeupe, watu watasema nimewapunja. Nikakaa pale kwenye benchi, mtambo unanguruma, nikaandika lolote lililokuja kichwani. Hata mafuta hayamo."

"Nimeona kwamba hayamo," alisema Mwalimu. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti, taratibu, kama alivyokuwa akisoma darasani.

*Nilikuwa Sekenke, kijana, nachimba dhahabu. Duara letu, yaani shimo la kuchimbia, lilikuwa refu, na siku hiyo lilititia juu yangu. Jana yake nilikuwa nimempiga Zefania mbele ya watu kwa sababu ya kuku, nikamtoa damu puani. Chini ya kifusi sikuweza kupiga kelele maana mdomo ulijaa udongo. Sikuweza kuomba, nilikuwa sijui kuomba. Sikuweza hata kusogeza mguu ili nimrahisishie kazi atakayekuja, kama yupo. Nikasikia mtu anakwangua. Nilipotolewa nikaona ni Zefania, anachimba kwa mfuniko wa sufuria, na pua yake bado imevimba. Watu wakaniuliza, ulifanya nini hata ukapona? Nililala chini ya udongo. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya.*

Aliposhusha kitabu, Mzee Alute alikuwa anajipangusa macho kwa upindo wa shati. Mchungaji Manase alikuwa ameacha kutazama juu. Loyce pale mlangoni alikuwa ameinama, anaitazama mikono yake.

"Nimefundisha neema miaka mingi," alisema Mwalimu Cecilia. "Ubaoni nilichora mizani, nikachora ngazi, nikachora daraja. Wanafunzi walinakili vizuri sana. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mtu hulala chini ya udongo. Pembeni mwa sura hii sikuandika 'Wapi?' hata mahali pamoja. Penseli ilikataa."

"Lakini ni habari ya kuku na shimo," alisema Bonifasi, haelewi kama anasifiwa au anachekwa.

"Hii ndiyo tunayoipitisha. Hii peke yake. Zilizobaki, kaa nazo."

"Itakuwa nyembamba!"

"Na iwe nyembamba."

Mwalimu akafikiri kidogo, akamwuliza, "Huyo Zefania ulimshukuru?"

Bonifasi akashusha macho. Alisema kwamba walipoachana mambo yalikuwa mengi, kwamba alihamia mjini, na kwamba hata hivyo Zefania alikuwa bado anasema yule kuku ni wake. Akachukua Biblia yake, akatoka bila kuaga, na Loyce akamfuata.

Jumapili iliyofuata kiti chake kanisani kilikuwa kitupu. Mchungaji Manase alihubiri vibaya, anakatiza sentensi kila upepo ulipogonga paa. Jumapili ya pili ikawa hivyo hivyo. Loyce alikuja peke yake, na alipoulizwa alisema tu, "Amesafiri, na ameondoka na jogoo."

Ilikuwa katikati ya wiki, jua linawaka, Mwalimu Cecilia anapepeta uwele uani kwake, alipoona mtu anaingia, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi. Suti ya kaki ilikuwa imekunjamana kama jani la mgomba mkavu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu kigoda. Umetoka wapi?"

"Sekenke. Nimepanda mlima juu ya lori la mahindi." Bonifasi akakaa. Sauti yake ile ya kuhutubia haikuwepo. "Mwalimu, nimekuja kuiondoa sura ya saba. Imekufa."

"Imekufaje?"

"Nilimpata Zefania. Yuko kule kule, bado anachimba, amekuwa mzee kabla ya siku zake. Nikampa jogoo, nikapiga magoti mbele ya wake za watu, nikamwambia, ndugu yangu, nimekuja kukushukuru, uliniokoa siku ile ingawa nilikuwa nimekupiga. Unajua alisema nini? Alisema, 'Nani, mimi? Mimi nilikuwa natafuta sururu yangu. Wewe ulikuwa umeilalia.'"

Mwalimu Cecilia aliweka ungo chini. Alijitahidi. Alikaza midomo, akatazama pembeni kwenye banda la kuku, lakini kicheko kilimtoka, kikawa kikubwa, hata miwani ikaanguka ikaning'inia kwenye uzi wake. Alicheka mpaka jirani akachungulia juu ya uzio wa minyaa.

"Cheka tu," alisema Bonifasi kwa uchungu. "Sururu, Mwalimu! Miaka yote nimefikiri nilipendwa, kumbe nililalia chombo cha mtu. Ndiyo maana alichimba kwa mfuniko wa sufuria. Sasa neema iko wapi hapo? Wapi?"

Neno lile, likitoka kinywani mwa mtu mwingine, lilimnyamazisha Mwalimu. Akajifuta macho kwa kanga. Akawa mpimaji tena.

"Nieleze vizuri. Alikufukua mpaka wapi?"

"Mpaka magoti. Halafu akanivuta."

"Na sururu?"

"Ilikuwa chini yangu, nadhani. Chini zaidi."

"Akaendelea kuchimba akaitoa?"

Bonifasi akakunja uso, anakumbuka. "Hapana. Mguu wangu ulikuwa umevunjika. Alinibeba mgongoni mpaka zahanati. Mbali, Mwalimu. Alipumzika njiani mara nyingi. Alikuwa ananitukana kila anaponiweka chini."

"Alirudi kuitafuta?"

"Angerudije? Jioni ile duara lilititia tena lote. Sururu iko huko huko hadi..." Alikaa na mdomo wazi, mikono imelala juu ya magoti, na vumbi la usoni likaanza kupata michirizi.

Mwalimu Cecilia hakumsaidia. Aliokota ungo wake, akaendelea kupepeta, kwa sababu kuna wakati mwalimu akizungumza anaharibu.

"Alinidanganya yule mzee," alisema Bonifasi mwishowe. "Aliona haya nilivyopiga magoti mbele za watu."

"Basi iandike hivyo," alisema Mwalimu. "Pamoja na sururu, pamoja na matusi. Usimtengeneze awe malaika. Na usiongeze mafuta."

"Hata mstari mmoja, pale zahanati? Waliniosha kidonda kwa..."

"Bonifasi."

"Sawa, Mwalimu."

Kazi ya kuandika upya haikuwa rahisi. Bonifasi aliandika sururu kuwa mfano wa Sheria, Mwalimu akaifuta. Akaandika mfuniko wa sufuria kuwa mfano wa kanisa, Mzee Alute akapenda sana, Mwalimu akaufuta pia. Mara tatu kijitabu kilikwenda na kurudi kati ya nyumba ya mashine na nyumba ya mwalimu. Mchungaji Manase, aliyekuwa ameshajiandaa kuishi na paa lolote Mungu atakalomjalia, alishangaa kumwona Bonifasi amerudi kwenye kiti chake, anaimba kwa sauti ya kutikisa madirisha.

Nakala za kitabu cha kwanza Bonifasi alimuuzia mama mmoja wa karanga pale stendi. Likawa tatizo jipya, maana wasafiri wakaanza kusoma sura ya tano kwenye vifungashio vya karanga, na mtu mmoja kutoka Nduguti alifika hadi Utemini kuuliza kwa vipimo vile, pikipiki inachukua mafuta kiasi gani. Mzee Alute akashauri kamati ipime na karanga. Hoja haikupata mwungaji mkono.

Kijitabu kipya kilipotoka kilikuwa chembamba kweli, cha kusomwa kabla ugali haujaiva. Kiliuzwa polepole. Wengine walilalamika kwamba hakina ufunuo wowote, ni habari ya shimo tu. Wengine walirudi mlangoni pa kanisa, wakaomba nakala nyingine ya kumpelekea ndugu fulani ambaye hawasemezani. Dibaji haikuwepo. Mwalimu Cecilia aliombwa aandike, akasema kitu kifupi hivyo hakihitaji mlango.

Nakala yake ya kwanza Bonifasi alimpelekea mke wake. Loyce alikuwa kwenye mashine, foleni ya wakulima imefika barabarani, magunia yameegemezwa ukutani. Alifuta mikono kwenye gunia tupu, akaisoma amesimama, midomo ikicheza, na mashine ikinguruma pembeni yake. Alipofika mwisho alirudi mwanzo akaisoma tena. Kisha akainama akazima mashine.

Kimya kikaingia ghafla, na wakulima wakanyoosha shingo.

"Mguu huu," alisema Loyce, akiuelekezea kidole. "Uliniambia ulianguka kwenye baiskeli."

"Ni kweli nilisema."

"Nimeukanda mguu huo kila kipupwe tangu unioe. Ofisini kwa mchungaji ndipo nikasikia kwamba mume wangu aliwahi kuzikwa, tena namsikia Mwalimu anasoma. Nikangoja uniambie mwenyewe. Umekwenda Sekenke umerudi, hukusema. Umeandika kitabu kizima, hukusema."

Bonifasi alitazama foleni, akatazama mashine, akamtazama mke wake. "Hukuniuliza, mama watoto."

"Sasa nakuuliza."

"Mama, alizeti yetu!" aliita mkulima mmoja kutoka nyuma.

"Itangoja," alisema Loyce. Akavuta magunia mawili ya mashudu, moja akakalia mwenyewe, lingine akalipiga kwa kiganja ili mumewe akae. "Anzia kwenye kuku. Kuku alikuwa wa nani?"

Bonifasi akakaa. Akavuta pumzi kwa nguvu, akaanza kwa sauti yake ya kuhutubia, akajisikia, akaishusha. Wale wakulima wa karibu walisogea wapate kusikia, na wale wa barabarani wakaketi juu ya magunia yao.

"Kusema kweli," alisema Bonifasi, "alikuwa wa Zefania."